Bloki ndogo za kwilti juu ya karatasi: dalili, chanzo na tiba

Kwilti ni mfuniko wa tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati, na uso wake huungwa kwa bloki, yaani miraba ya viraka vilivyoshonwa pamoja. Bloki ya kwilti yenye upana wa inchi 2 haina pa kuficha kosa. Kwenye bloki ya inchi 12, mshono uliopotoka milimita moja haumsumbui mtu. Kwenye bloki ya inchi 2, milimita hiyo hiyo inakata ncha ya pembetatu, na bloki nne zikikutana katikati, mpishano unaonekana toka mlangoni. Ndiyo maana wanaoshona ndogo hukimbilia karatasi: mistari imeshachapwa, sindano inafuata mstari, na karatasi inakishika kitambaa kisivutike. Mtu mwenye cherehani ya kukanyaga na violezo vilivyochapwa vizuri anapata pembe kali kuliko anayekata na kuunga kwa jicho tu.

Taabu ya kazi hii ni kwamba dalili huonekana mbali na chanzo. Bloki zinagoma kulingana siku ya kuziunganisha, kumbe shida ilianzia kwenye printa wiki mbili nyuma. Mishono inalegea wakati wa kuchana karatasi, kumbe kosa liko kwenye urefu wa hatua ya sindano, kutoka tundu hadi tundu, uliopangwa kabla ya mshono wa kwanza. Kwa hiyo naanza kila mara na kile unachokiona mkononi, kisha tunarudi nyuma hadi pale kilipoanzia.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni mtindo wa Log Cabin wa inchi 2: kitovu cha nusu inchi, na magogo 12, yaani vipande virefu vyembamba vya kitambaa, yenye upana wa robo inchi yanayokizunguka, jumla viraka 13. Ukiongeza robo inchi ya nafasi ya mshono kila upande, bloki inakatwa inchi 2 na nusu, yaani milimita 63.5. Wamarekani wa karne ya 19 waliishona Log Cabin juu ya msingi vivyo hivyo, ila msingi wao mara nyingi ulikuwa kitambaa. Kwa pembetatu nitatumia Flying Geese, ule mstari wa pembetatu kubwa zinazofuatana, kila moja ikiwa na pembetatu mbili ndogo ubavuni.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, ili tuelewane. Kitambaa kinakaa upande wa karatasi usio na chapa. Sindano inapita upande wenye chapa. Kiraka namba 1 kinalazwa mgongo ukigusa karatasi, uso ukitazama nje. Kiraka namba 2 kinawekwa uso kwa uso juu ya cha kwanza. Unageuza karatasi, unashona juu ya mstari ulio kati ya 1 na 2, ukianza na kumaliza hatua mbili tatu nje ya mstari. Unapunguza ziada, unakifungua kiraka cha 2, unapiga pasi, unaenda namba 3.

Bloki imetoka ndogo kuliko ilivyotakiwa

Chukua rula ya chuma au ya plastiki ngumu, weka kando futi ya kitambaa ambayo imeshavutika kwa miaka, upime karatasi yenyewe. Violezo vingi vina mraba wa majaribio wa inchi 1 pembeni. Uliochapwa sawasawa una milimita 25.4. Mimi napenda zaidi kupima upande mzima wa bloki, kwa sababu kasoro ndogo haionekani kwenye inchi moja lakini inajitokeza kwenye mstari mrefu. Inchi 2 lazima ziwe milimita 50.8. Ukipata 49 na kitu, printa imekipunguza kiolezo.

Chanzo kikubwa ni mpangilio wa kuchapa. Programu nyingi za kusomea PDF hujichagulia zenyewe kuutosheleza ukurasa, na zinapofanya hivyo zinapunguza kila kitu kidogo. Chagua ukubwa halisi, au asilimia 100. Ukichapisha steshenari, mwambie mhudumu kabla hajabonyeza, kisha pima ukurasa wa kwanza hapo hapo kaunta kabla ya kulipia kurasa nyingine 15. Na umtumie faili lenyewe kama hati. Ukimtumia picha ya skrini kwa WhatsApp, ile picha haina tena kipimo cha kuaminika, na hakuna mpangilio wa printa utakaoirudisha ilipokuwa.

Halafu kuna suala la karatasi ambalo linatupata sisi zaidi kuliko wenzetu wa Marekani. Violezo vyao hupangwa kwa karatasi yao ya Letter, milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. A4 ni ndefu zaidi lakini ni nyembamba kwa milimita 6, kwa hiyo printa ikiachiwa iamue, inapunguza hadi kama asilimia 97 ili upana utoshee. Inchi 2 zinakuwa milimita 49.4. Kwenye bloki moja hutaona chochote. Panga bloki nne kwa safu na safu nzima imepungua milimita 5 na nusu, na ukanda wa pembeni ulioukata kwa kipimo cha kitabu unaning'inia. Chapa kwa asilimia 100 bila hofu: kinachokatwa pembeni mwa A4 huwa ni sehemu tupu ya ukurasa.

Kama umeshashona zote kwa asilimia 97, usifumue hata moja. Zikiwa zimepungua kwa kiasi kimoja, zitalingana zenyewe kwa zenyewe. Pima bloki uliyo nayo, ukate kanda za pembeni kwa kipimo hicho. Hakuna atakayekuja na rula kudai milimita moja na nusu yake.

Bloki zinapishana zenyewe kwa zenyewe

Hili ni zito zaidi, kwa sababu halina marekebisho ya hesabu. Baadhi zina milimita 50.8, nyingine 50, nyingine 51.

Uliza kwanza kama karatasi zote zilitoka mashine moja. Mashine ya fotokopi inaweza kubadilisha ukubwa kidogo, mara nyingine upande mmoja zaidi ya mwingine, na nakala ya nakala inaongeza kosa juu ya kosa. Chapa zote kutoka faili, printa moja, mkupuo mmoja, na uchape mbili tatu za ziada za kuharibu.

Cha pili ni unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani. Kwa anayeshona Mombasa, Tanga au Unguja, karatasi iliyokaa wazi msimu wa mvua hujikunja na kutanuka kidogo, halafu pasi ya moto inaikausha na kuirudisha. Weka violezo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, chini ya kitabu kizito. Na pasi iwe kavu. Mvuke unaikunja karatasi papo hapo, na bloki inabaki na mawimbi hata baada ya karatasi kutoka.

Cha tatu ni namna ya kukata bloki ikiisha. Usifuate ukingo wa karatasi ulioukata kwa mkasi mwanzoni, maana ule ulikuwa wa makadirio. Weka rula juu ya mstari wa nje uliochapwa, hakikisha kuna robo inchi kutoka mstari wa kushonea, ukate kwa kisu cha gurudumu au wembe mpya juu ya ubao. Bloki zote zikatwe namna hiyo, kikao kimoja, baada ya viraka vyote kushonwa.

Kiraka hakifuniki eneo lake

Umeshona, umekifungua kiraka, na upande mmoja karatasi inachungulia. Hakuna dalili inayokatisha tamaa wanaoanza kama hii, na ina vyanzo vitatu ambavyo tiba zake ni tofauti.

Kiraka kilikatwa kidogo mno. Gogo lenye upana wa robo inchi likiisha, linahitaji robo inchi nyingine kila upande, yaani robo tatu ya inchi kwa uchache kabisa. Kata inchi nzima. Urefu nao, chukua urefu wa gogo kwenye kiolezo uongeze inchi moja. Najua inauma kupoteza kitambaa kizuri kwenye kazi iliyokusudiwa kutumia mabaki, lakini kipande kilichobanwa sana huishia kufumuliwa na kutupwa, na hapo umepoteza kitambaa, uzi na nusu saa.

Kiraka kina ukubwa wa kutosha ila kiliwekwa vibaya. Kwenye magogo, ambayo ni mistatili, kosa hili ni adimu. Kwenye pembetatu za Flying Geese ndilo kosa lenyewe, kwa sababu kiraka kinazunguka kinapofunguliwa, na jicho halitabiri mzunguko huo. Fanya hivi. Shika karatasi upande wenye chapa ukikutazama. Nyuma yake, laza kiraka kipya pale kitakapokaa kikiisha kushonwa, mgongo ukigusa karatasi, huku umeinua juu kwenye dirisha ili uone kivuli chake. Hakikisha kinavuka mistari yote ya eneo lake. Sasa kikunje kuelekea kiraka kilichotangulia, mkunjo ukiwa sawasawa na mstari wa kushonea, na uone kwamba kuna robo inchi ng'ambo ya mstari. Bana kwa pini. Kabla ya kushona, kifungue tena kama mlango uangalie kivuli mara ya mwisho. Usiku, weka kioo juu ya vitabu viwili na tochi ya simu chini yake, inatosha kabisa.

Kiraka kiliwekwa vizuri kikateleza. Unashona ukiwa huoni kitambaa, kiko chini ya karatasi, na meno ya cherehani yanakivuta. Tone la gundi ya kijiti, ile ya watoto wa shule, linamshikilia namba 1. Kwa vinavyofuata, pini nyembamba iliyolala sambamba na mstari, mbali na njia ya mguu wa cherehani, itakitunza kiraka mahali pake.

Kuna hatua moja ambayo, ukiizoea, inaondoa zaidi ya nusu ya matatizo ya sehemu hii: kupunguza kabla ya kuweka. Ukimaliza kushona kiraka cha 2, weka ukingo wa kadi ngumu juu ya mstari unaofuata, ule wa kati ya 2 na 3. Kunja karatasi juu ya kadi. Kitambaa kinachobaki kimechomoza nje ya mkunjo kikate kwa rula, robo inchi kutoka mkunjo. Sasa ukingo wa kitambaa chenyewe unakuonyesha mahali pa kuweka kiraka cha 3: linganisha kingo mbili, basi. Hakuna kukisia wala kutafuta mwanga. Wengi huruka hatua hii kwa kuona inachelewesha. Inachelewesha kwa nusu dakika, na inaokoa bloki nzima.

Ukigundua upungufu baadaye, angalia uko wapi. Kama uko ukingoni kabisa mwa bloki, ndani ya nafasi ya mshono wa nje, na kumebaki walau milimita 3 za kitambaa ng'ambo ya mstari, endelea. Mshono wa kuunganisha utakishika. Kama uko ndani, kati ya kiraka na kiraka, fumua.

Picha imegeuka kushoto kulia

Hili ni la kawaida na halina siri. Unachokiona kimechapwa ni kinyume cha kitakachotoka, kwa sababu kitambaa kiko upande wa pili. Log Cabin itazunguka upande mwingine tu. Nyumba yenye mlango kushoto itapata mlango kulia, na herufi R itasomeka kwenye kioo. Linganisha mistari ya kiolezo na picha ya kazi iliyokamilika: zikiwa zimepishana, mtunzi ameshageuza, chapa kama ilivyo. Zikifanana, geuza kwenye printa kabla ya kuchapa. Hakikisha tu usichanganye bloki zilizogeuzwa na zisizogeuzwa katika kazi moja.

Karatasi haitoki, au inatoka na mishono

Angalia urefu wa hatua kwanza. Unatakiwa uwe kati ya milimita 1.5 na 1.8. Sindano inapotoboa kwa karibu namna hiyo, karatasi inakuwa na mstari wa matundu na inachanika yenyewe. Ukiacha milimita 2.5 za kushonea gauni, karatasi inang'ang'ania, unavuta kwa nguvu, na mshono unafunguka. Kwenye baadhi ya cherehani za zamani namba za kirekebisho zinahesabu hatua ndani ya inchi moja, kwa hiyo namba kubwa ndiyo hatua fupi: weka kati ya 14 na 17. Kama huna uhakika mashine yako inahesabu vipi, shona inchi moja juu ya karatasi tupu uhesabu matundu.

Usiende chini ya hapo sana kwa kutaka usalama. Hatua ya milimita 1 inaifanya karatasi ianguke yenyewe kabla bloki hazijaunganishwa, na kuifumua ni kuharibu kitambaa.

Uzito wa karatasi unafuata. Karatasi ya kawaida ya ofisi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Inafaa, lakini kwenye magogo ya robo inchi unakuwa na vijikanda vya karatasi vyembamba kama mshale wa saa, kila kimoja kimebanwa na mishono pande mbili. Karatasi nyepesi zaidi, ya aina ya gazeti lisilochapwa, inachanika vizuri kuliko zote. Iweke juu ya karatasi ya kawaida, ibandike ukingo wa juu kwa utepe, na printa nyingi zitaipokea. Jaribu moja kabla.

Sindano namba 90 hutoboa tundu kubwa, nayo husaidia kwa karatasi ya gramu 80. Kwa karatasi nyepesi na kitambaa chembamba, namba 70 au 75 inatosha na haiachi matundu yanayoonekana. Kumbuka karatasi inaifanya sindano butu haraka. Ukisikia mlio wa kugonga kila inapozama, ibadilishe.

Wakati wa kutoa, anza na kiraka cha mwisho urudi hadi cha kwanza, kwa sababu cha mwisho ndicho kilichoshonwa juu ya vingine. Kunja karatasi kwenye mstari wa mshono mbele na nyuma, shika mishono kwa kidole gumba cha mkono mmoja, uchane kwa mwingine kuelekea pembeni kama unavyotenganisha stempu. Vipande vilivyokwama pembeni mwa mishono, vitoe kwa kibano. Vikikataa, vilowanishe kidogo kwa pamba ya masikioni, subiri dakika moja, vitakuja. Ila uwe na hakika kwanza wino hauchuji.

Ukichoka kabisa na kuchana karatasi, kuna njia ya wale wa karne ya 19: chora kiolezo juu ya bafta nyepesi iliyofuliwa, ushone juu yake na uiache ndani moja kwa moja. Unapata uimara, na hakuna kinachotolewa. Unalipa kwa unene, na kushona kwilti kwa mkono kupitia tabaka zote hizo ni kazi ngumu. Log Cabin nyingi za zamani zilifungwa kwa mafundo ya uzi badala ya kushonwa juu.

Bloki ni nene, haitaki kulala

Hapa Log Cabin ya inchi 2 ina fundisho lake lenyewe. Gogo lina upana wa robo inchi. Nafasi ya mshono nayo ni robo inchi, na siku zote inalala chini ya gogo jipya. Maana yake nafasi ya mshono inajaza gogo zima na kufika kwenye mshono unaofuata, ambao unaibana nayo pia. Ukienda hivyo mizunguko mitatu, bloki yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto inakuwa ngumu kama soli, na haikunjiki wala haipigiki pasi.

Punguza hadi milimita 3, mara tu baada ya kushona na kabla ya kufungua kiraka. Kwenye bloki kubwa ningekuonya usifanye hivyo. Kwenye ndogo ni lazima, na hatua fupi za milimita 1.5 zinatosha kuushika mshono mwembamba namna hiyo, mradi kitambaa chako hakitoi nyuzi ovyo.

Uzi pia una unene. Uzi mwembamba wa pamba wa namba 60, au 50 kama huo haupatikani, ni bora kuliko uzi wa kawaida wa kushonea suruali. Badilisha wa juu na wa bobini pamoja.

Halafu pasi. Inuka, shuka, inuka, usiburute. Kila mshono upigwe kabla ya mshono unaofuata, la sivyo kunabaki mkunjo mdogo kando ya mshono, mkunjo huo unaingia kwenye kiraka kinachofuata, na bloki inakuwa nene na ndogo kwa pamoja. Kama pasi iko mbali au ni ya mkaa, ukucha au ukingo wa kipande cha mbao laini unatosha kati ya mshono na mshono. Pasi ya kweli ipite kila baada ya mzunguko. Pasi ya mkaa iwekewe kitambaa katikati, kwa majivu na kwa joto lisilo sawa.

Kitambaa chenyewe ndicho nusu ya jibu. Kanga iliyofuliwa mara kadhaa ni nzuri sana kwa kazi hii: pamba, nyepesi, inashika mkunjo. Tumia pindo lake lenye michoro midogo. Mchoro mkubwa wa mji ukiukata kwa gogo la milimita 6 hubaki madoa ya rangi tu. Kanga mpya ifuliwe peke yake hadi maji yawe safi, maana nyingine zinachuja. Kitenge kipya huja na ugumu wa kiwandani, nacho kifuliwe. Kile kizito kiachie bloki za inchi 6 na kuendelea. Poplini ya mashati ya pamba, pamoja na mashati ya mitumba, inafaa mno. Tetroni inasumbua: unaipiga pasi, inasimama tena. Kikoi kinatoa nyuzi mno kwa nafasi ya milimita 3.

Kivuli cheusi chini ya rangi nyepesi

Gogo jeupe lina mstari wa kijivu kando yake. Ni nafasi ya mshono ya kitambaa cheusi, imelala chini ya cheupe. Kwa kuwa mshono siku zote unaelekea kiraka kipya, hili hutokea kila cheupe kinapofuata cheusi. Unapopunguza, kata tabaka la cheusi fupi kuliko la cheupe kwa milimita moja, ili cheupe kikifunike. Okota pia nyuzi nyeusi zilizobaki nyuma kabla ya kuweka pamba ya ndani. Uzi mmoja mweusi chini ya bafta nyeupe unaonekana daima.

Ncha zimeliwa na misalaba haikutani

Bloki moja moja ni nzuri, ukiziunganisha pembetatu zinapoteza ncha. Karatasi iachwe ndani hadi bloki zote jirani ziwe zimeunganishwa. Ndiyo inayokupa mstari wa kufuata.

Chukua pini, itoboe wima kwenye kona ya mstari wa bloki ya kwanza, itokeze kwenye kona ile ile ya bloki ya pili. Isimame wima, ukiilaza, karatasi mbili zinasukumana na pointi imehama. Fanya hivyo kila kona na kila mahali ncha inapofika. Kisha bana kando kwa vibanio, toa pini za wima, ushone kwanza kwa hatua ndefu za milimita 4, sentimita moja tu juu ya kila pointi. Fungua uangalie. Zikiwa zimekutana, shona mshono kamili wa milimita 1.5 juu ya mstari. Zikiwa zimepishana, unafumua hatua tatu badala ya thelathini.

Mshono ukiisha, toa karatasi iliyo ndani ya nafasi ya mshono huo tu, uufungue mshono pande mbili upige pasi. Kwenye kazi kubwa ningeulaza upande mmoja; kwenye ndogo kuufungua kunalaza makutano, na unene ndio unaozisukuma pointi zikahama kwenye mshono unaofuata.

Kingo zinavutika karatasi ikishatoka

Bloki ilikuwa mraba, sasa ni kama imelegea. Kingo za nje zimekatwa mshazari, yaani hazifuati nyuzi za kitambaa, na mshazari huvutika. Karatasi ilikuwa inaficha hilo. Kwenye Flying Geese, pembetatu ndogo za pembeni zitokane na mraba uliokatwa mara moja kona kwa kona, ili pande zake fupi, ambazo ndizo ukingo wa nje, ziwe kwenye uzi ulionyooka. Pembetatu kubwa itokane na mraba uliokatwa mara mbili, umbo la X, ili upande wake mrefu ndio uwe na uzi ulionyooka. Kama umeshashona, nyunyiza wanga mwepesi baada ya kutoa karatasi, upige pasi bloki ikiwa imenyooshwa kwa pini juu ya mraba uliochorwa.

Cherehani inameza au inaruka

Cherehani zenye zigizaga zina tundu pana kwenye bati la sindano, na kona ndogo za karatasi huzama humo. Ukipata bati la mshono mnyoofu, liweke. Mashine za kukanyaga za mshono mmoja zina tundu dogo tangu mwanzo, na kwa kazi hii hazizidiwi na mashine ya bei kubwa. Anza kila mshono juu ya kipande cha karatasi chakavu kisha ingia kwenye bloki. Ikiruka, badilisha sindano, kisha fungua chini ya meno: vumbi la karatasi hujaa haraka kuliko la kitambaa. Lifagie kwa brashi kila baada ya bloki chache.

Wino umehamia kwenye kitambaa

Printa ya wino wa maji inachuja ikikutana na mvuke. Ya poda inayeyuka tena kwa joto na kuhamia kwenye kitambaa cha meza ya pasi, na kutoka hapo kwenye bloki inayofuata. Piga pasi upande wa kitambaa, pasi kavu, na weka kitambaa chakavu chini ukibadilishe kinapochafuka. Mistari iwe myembamba na ya kijivu ukiweza kuchagua.

Lini kufumua

Juu ya karatasi, fumua kwa kuvuta kiraka taratibu na kukata hatua zinazotokea katikati ya vitambaa viwili, upande wa kitambaa, ili matundu ya karatasi yabaki mazima. Mstari mmoja unavumilia kufumuliwa mara moja, labda mbili. Karatasi ikichanika hapo, bandika kipande cha karatasi upande wenye chapa kwa gundi ya kijiti, uchore mstari upya kwa penseli na rula. Selotepu usiitumie, inayeyuka chini ya pasi. Kosa likiwa kwenye viraka vya mwanzo na umeshafika namba 11, chukua kiolezo kipya. Ndiyo kazi ya zile karatasi za ziada.